Kwa Kuwa Tumeshabomoa

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nilikuwa bado na kazi mbili mkononi, moja Kyimo na nyingine hapa mjini Tukuyu, siku yalipokataa kupanda jukwaa. Niliyabembeleza, nikayafokea, nikayapaka dawa ya ng'ombe ambayo jirani aliniapia kuwa hata binadamu inamfaa. Hayakusikia. Basi nikaosha mwiko, nikanunua kiti cha plastiki, nikakaa barazani. Siku ya tatu mke wangu akaniuliza nitapata lini kazi nyingine, maana nilikuwa nimeshakosoa lipu ya jikoni kwake mara nne.

Mafundi vijana wa hapa ndio walioniomba niandike. Wana kikundi chao kwenye simu, wanatumiana picha za kuta wanazojivunia, na mimi wameniingiza humo kwa heshima. Mmoja wao akaniambia, "Mzee Rajabu, bora utuandikie, maana ukitufundisha kwa mdomo unatutukana." Ni kweli, huwa natukana. Kwenye karatasi nitajizuia.

Sitaeleza nimejenga nyumba ngapi, na malipo yangu ni siri yangu na mke wangu, naye anajua nusu. Kazi yangu kubwa haikuwa hata kujenga. Watu waliniita baada ya fundi mwingine kuondoka, wakati mlango haufungi au bafu linamwaga maji chumbani, nami nikairudia kazi yake. Ndiyo maana hapa Rungwe wengi wananijua kwa jina la Fundi Marudio. Nitasema kidogo nilivyojifunza, kisha nitakaa zaidi kwenye kazi moja ya Masukulu, ya Mzee Anganile, ambaye nyumba yake ilikarabatiwa vizuri sana mpaka akakosa pa kulala.

Nilifundishwa na Fundi Asegelile wa Mpuguso, mtu mfupi, mkali, Mlutheri wa kukesha kanisani, aliyekubali kumchukua mtoto wa Kiislamu kwa sharti moja tu, kwamba nisiwahi kumwambia nimechoka. Siku ya kwanza nilikwenda nimejiandaa kushika mwiko. Akanipa msumari wa inchi sita. "Nenda kagonge ukuta ule wote, uniambie umesikia nini." Nikagonga, nikarudi nikamwambia sikusikia kitu. "Rudi." Nikarudi. Saa sita akala chakula chake na mimi nagonga. Mchana ndipo sikio lilipofunguka. Pale lipu ilipoushika ukuta, msumari ulilia kwa ufupi, kavu. Pale ilipoachia, ulilia kama debe tupu. Nikamwonyesha sehemu tano. Akachukua nyundo akaziangusha zote, na nyuma yake tofali zilikuwa na vumbi vilevile zilivyotoka tanuruni, hakuna aliyezimwagia maji. "Tofali lina kiu," akasema. "Usipolinywesha wewe, litakunywa lipu yako." Hiyo lipu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameipiga ndugu yake wa damu. Wiki mbili hawakusalimiana.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Timazi, mwiko, uzi, na mpira mwembamba wa maji wa mita kumi ambao aliujaza maji na kuushika ncha mbili ili kupata usawa wa sakafu. Leo mna vifaa vya mwanga mwekundu, vizuri sana, navipenda, ila betri ikiisha mnakaa chini kama wafiwa. Maji hayajawahi kuishiwa chaji. Na huku kwetu maji ndiyo mkaguzi mkuu. Mvua ya Tukuyu haiji ikaondoka kama mvua za watu wengine, yenyewe ina makazi hapa. Ikikuta bati limepishana vibaya itaingia, ikikuta kibaraza kimeinama kuelekea mlangoni itapiga hodi. Fundi anaweza kumdanganya mwenye nyumba kiangazi kizima, na kiangazi chetu mnakijua kilivyo kifupi.

Nilipoanza kujitegemea nilijiona mjuzi, na hapo nikafanya kosa ambalo nataka mlisome taratibu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kyimo, mama mpole, aliniita kuziba dirisha lililovuja. Nikatoa fremu. Chini yake tofali mbili zilikuwa zimeoza. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa kuwa tumeshabomoa, tutoe na hizi." Akakubali. Tulipozitoa tukaona mstari wa ufa unakwenda mpaka kwenye kibaraza. "Kwa kuwa tumeshabomoa, bora kibaraza nacho." Akakubali, huku amenishikia kikombe cha chai. Wiki ya tatu alikuwa anapikia chini ya turubai, na mimi nimeanza kuutazama ukuta wa chumba cha kulala kwa jicho la tamaa. Ndipo aliponiita akanikalisha kama mwanafunzi. "Rajabu, mimi nilikuita uzibe tundu. Sasa nina tundu ambalo limezungukwa na nyumba kidogo."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikipita Kyimo inanisalimia.

Ndugu zangu, maneno hayo matatu, kwa kuwa tumeshabomoa, yamekula fedha za watu wa wilaya hii kuliko wezi wote. Hayana ujanja wowote ndani yake, ndiyo ubaya wake. Fundi anayasema kwa moyo safi. Tangu siku ile, kabla sijagusa ukuta wa mtu, nilikaa naye chini tukaandika karatasi yenye mambo matatu: nitakachobomoa, ninachohofia kukikuta ndani, na nisichokigusa hata nikikuta nini. Hilo la tatu ndilo gumu. Fundi akiona ufa wa jirani mikono inamwasha.

Sasa Masukulu. Mzee Anganile alikuwa mkulima wa ndizi na parachichi, mgane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga na marehemu mkewe. Mwanawe Lusajo yuko Dar es Salaam. Mke wa Lusajo, tuliyemwita Mama Joi, ni mtu wa Morogoro, mwalimu, naye alipata uhamisho kuja kufundisha shule ya jirani na hapo. Ikaonekana ni heri tupu. Mama Joi na watoto wawili waje wakae na mzee, Lusajo awe anakuja likizo, mzee asile tena viazi vya jana peke yake. Kabla hawajaja, Lusajo akaamua kuikarabati nyumba kwa simu.

Nasema kwa simu, maana alituma picha. Ilikuwa ya nyumba ya rafiki yake huko Dar, jiko na sebule vimeunganishwa, hakuna ukuta, mpishi anakaanga vitunguu huku anawatazama wageni machoni. Fundi aliyepewa kazi aliitwa Kelvin, kijana mzuri, mikono myepesi, niliwahi kumwona akipanga tofali nikamwonea wivu. Kelvin akaangusha ukuta wa kati kama picha ilivyosema. Tatizo, ukuta ule ndio ulikuwa umebeba kenchi za paa. Alipoona paa linainama akasimamisha mti mbichi wa mlingoti katikati ya sebule, akaupaka rangi nyeupe, akaupiga picha akamtumia Lusajo, akaandika chini yake "nguzo ya kisasa". Lusajo akajibu kwa alama ya moyo.

Kuanzia hapo ni maneno yale matatu. Kwa kuwa tumeshabomoa, tupandishe sakafu tuweke taizi. Sakafu ikapanda, mlango wa mbele ukakataa kufunguka. Ukakatwa chini. Mvua ikaona pengo. Likajengwa tuta dogo la kuizuia, na tuta likazuia maji ya ndani yasitoke. Bati nazo zikaachia misumari pale paa lilipobonyea, siling'i bodi ikalowa ikatoa tumbo. Fedha iliyokuwa ya kazi nzima iliishia kwenye taizi. Lusajo akatuma nyingine, na nyingine, na siku alipouliza itaisha lini, simu ya Kelvin ikawa haipatikani.

Lusajo alikuja mwenyewe na familia, akanifuata nyumbani kwangu wiki ya pili. Hakuanza na paa.

"Shikamoo, mzee wangu. Nina shida. Baba hataki kulala ndani."

"Marahaba. Analala wapi?"

"Stoo. Na magunia ya mbolea. Tangu tumefika hajakanyaga ndani, na usiku anakohoa mpaka tunamsikia. Ukimuuliza anasema taizi zinateleza."

"Na mkeo anasemaje?"

Akainamisha kichwa. "Analia. Anasema baba hampendi. Ameshaanza kuulizia uhamisho wa kurudi."

Nilipofika Masukulu niliona kwanza ile nguzo ya kisasa, imepinda kidogo, imetoa na chipukizi kijani karibu na siling'i. Nisamehewe, nilicheka. Nikaweka mpira wangu wa maji sakafuni nikaona inainama vidole vitatu kuelekea kwenye masofa. Nikagonga kuta mbili, debe tupu. Lakini kabla ya kuandika chochote nikaenda stoo kwa mzee.

Alikuwa amekaa juu ya gunia, amevaa koti na sweta mbili, anakunywa chai kwenye kopo. Mzee Anganile aliongea Kiswahili kwa sauti ya nyumbani kwake, na kwa kuwa jina langu lina herufi ambayo Kinyakyusa hakiijui, kwake siku zote nilikuwa Lajabu.

"Ugonile, taata," nikamwamkia.

"Ee, Lajabu. Umekuja kutasama uhalibifu."

"Nimekuja kukutazama wewe. Wanasema taizi zinateleza."

"Sinatelesa."

"Mzee, wewe unapanda mgomba kwenye mvua na panga mkononi. Taizi gani zitakuangusha?"

Akanywa chai. Akatazama nje, ambako Mama Joi alikuwa anaanika nguo. Mara Mama Joi akageuka, na mzee, mwenye miaka yake yote ile, akateremka nyuma ya magunia kwa kasi ya kuku aliyeona mwewe. Chai ikamwagika.

Nikaelewa. Niliona aibu kwamba sikuelewa kabla sijatoka nyumbani.

Kwa wasiokulia huku niseme. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Ndiyo heshima yenyewe. Binti akimwona baba mkwe njiani anaingia migombani akainama mpaka apite, na mzee naye akijua yumo anapita akitazama upande wa pili. Siku hizi wengi wameacha, kanisani wanakaa benchi jirani. Mzee Anganile hakuacha. Na ukuta ule wa kati, aliouangusha Kelvin kwa nyundo, ndio aliokuwa anautegemea. Alipokubali mkwewe aje kukaa, hesabu yake ilikuwa upande huu wangu na mlango wangu, upande ule wao na mlango wao. Mwanawe, Mnyakyusa wa kuzaliwa, akamletea jiko la kutazamana.

"Kwa nini hukumwambia Lusajo?"

"Nimwambie nini? Mtoto anajua." Akafuta chai kwenye koti. "Ametumia fedha nyingi. Nikisema, atalia. Mkewe naye atasikia nimemkataa. Mimi simkatai. Mbolea hainisumbui."

Kisha akakohoa kwa muda mrefu sana, na nikapata hasira ambayo sikujua niitupie nani.

Nikamfuata Mama Joi kwenye kamba ya nguo. Alinisalimia vizuri, akauliza bila kuzunguka, "Mzee, nimemkosea nini baba? Nikitokea huku, yeye anakimbilia kule. Jana ameruka mpaka kwenye zizi."

Nikamsimulia habari za babu yangu. Babu alikuwa fundi cherehani kutoka Pwani, akahamia Tukuyu, na baba yangu akamwoa binti wa Kinyakyusa wa Kyimo. Babu akawa kila akitoka kumwamkia mkwewe, mkwewe anatumbukia migombani. Kwa muda mrefu babu aliamini yule binti ana deni la nguo. Akamwambia baba yangu, "Mwambie mkeo nimemsamehe, hata sikumbuki ni gauni lipi." Mama alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa anampa babu heshima kubwa kuliko aliyowahi kupewa maishani, na babu anatafuta daftari.

Mama Joi hakucheka. Aliushika mdomo wake kwa shati la mtoto lililolowa. "Kwa hiyo ananiheshimu?"

"Anakuheshimu mpaka anaugua."

"Na mimi hilo jiko hata sikulitaka," akasema, machozi na kicheko pamoja. "Nilitaka dirisha la kutolea moshi tu. Baba Joi alisema ananishangaza."

Jioni hiyo tulikaa watatu, Lusajo, mkewe na mimi, tukaandika karatasi yenye mambo matatu. Lusajo alipoelewa aliinuka akaigusa ile nguzo. Alisema aliusahau ukuta kwa sababu ulikuwepo siku zote, na alikuwa anataka baba yake azeeke mahali pazuri. Nikamwamini. Nikamwambia pia ukweli wa fundi, kwamba kazi ya pili ingekula tena, na taizi nyingine zisingepona. Akauliza kama tunaweza kuokoa sebule ya wazi kwa pazia zito. Mkewe akamtazama, akaacha.

Kelvin nilimkuta kwenye saiti nyingine karibu na stendi, visikizio masikioni. Aliponiona akaviondoa kimoja kimoja.

"Mzee, usinimaindi. Bosi alituma picha, na mimi nikafuata picha."

"Kwenye hiyo picha kulikuwa na mvua?"

"Hapana."

"Kulikuwa na baba mkwe?"

Akakuna kichwa. Kelvin naye ni Mnyakyusa, wa Mbeya mjini. Taratibu nikaona jambo linamwingia. "Duh," akasema. "Noma. Bibi yangu angeniua." Na simu alizima kwa nini? "Aibu, mzee. Kila nilichorekebisha kiliharibu kingine. Nikaona nikipokea nitasema tena tubomoe kitu." Nikamkumbuka mwalimu wa Kyimo, sikumtukana. Nilimwambia kesho saa moja, aje na mwiko.

Tulifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Tuliinua kenchi kwa magogo, tukauondoa mlingoti na majani yake. Tukavunja taizi kwenye mstari wa ukuta wa zamani na tulipofika chini tukaukuta msingi wake, mzima kabisa, unatungoja. Kelvin alimwaga linta ya zege na nondo, akalowesha kila tofali mpaka likaacha kutoa povu, na sakafu tukairudisha chini tukapima kwa maji. Alikata mwenyewe malipo yake ya ufundi, sikumwomba. Mzee Anganile alikuwa anakuja kukagua kila asubuhi baada ya Mama Joi kwenda shule. Jambo lake lilikuwa moja tu.

"Ukuta ufike bati, Lajabu. Usiishie kwenye siling'i. Sauti nayo ni mtu."

Ukafika bati. Upande wake tukampa mlango wa nje na kichumba cha kukalia, zikawa kama nyumba mbili zilizoegemeana mabega. Tulikuwa tumebakiza lipu ya upande wa jiko, Kelvin ameshakoroga, mzee alipokuja akasimama mbele ya ukuta wake mpya. Akaupapasa. Akakaa kwenye kigoda chake, akaunyooshea mkono.

"Hapa," akasema. "Toboa."

Kelvin akanitazama. Mimi nikamtazama mzee. Kwenye karatasi yetu, ukuta ule ulikuwa namba tatu, usioguswa.

"Watoto ndio watakuletea chakula, mzee," nikamwambia.

"Siku sa shule watoto hawapo. Anatoka mchana anakuja kupika, analudi. Atasunguka nje na sahani kwenye mfua? Toboa hapa."

"Sentimita ngapi kutoka chini?" Kelvin akauliza, na kalamu sikioni.

"Mimi sijui sentimita. Mkono ufike, jicho lisifike."

Nawaambieni, katika kazi zangu zote hicho ndicho kipimo kigumu kuliko vyote. Kelvin alikwenda upande wa jiko akasimama kama mpishi, mimi nikakaa kwenye kigoda kama mzee. Tukapandisha, tukashusha, tukainamisha kizingiti. Akiniona kidevu, tunashusha. Nikiona shingo yake, tunashusha tena. Mwishowe tukapata kidirisha cha ukubwa wa sahani mbili, kimeelekea chini, ambacho kilipitisha mkono mpaka kwenye kiwiko na hakikupitisha uso wa mtu yeyote.

Mzee alihamia ndani kesho yake na godoro lake, na kikohozi kikawa kinapungua. Mama Joi hakuuliza tena habari ya uhamisho. Siku niliyokwenda kuchukua vifaa vyangu, mzee akanikaribisha nikae naye mchana. Tukamsikia Mama Joi anafungua mlango wa upande wake, sufuria, maji, kisu kwenye ubao. Mzee alikaa wima kama yuko kwa mkuu wa wilaya. Baada ya muda mkono ukatokea kwenye kidirisha, una bangili moja nyembamba, umeshika sahani ya mbalaga, ndizi zenyewe zimeungwa kwa maziwa, zinafuka moshi. Mzee akaipokea. Mkono ukarudi.

Akala tonge la kwanza. Akanigeukia mimi, akanikazia macho, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Lajabu! Hisi ndisi ni tamu. Ndaga fijo!"

"Mzee," nikamwambia, "asante sana ya nini? Mimi sikupika."

"Nyamasa. Naongea na wewe."

Upande wa pili kijiko kilikuwa kimesimama. Mimi nilijifanya nakagua sakafu kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Kisha mkono ukarudi tena kidirishani, safari hii una mwiko wa kupakulia, umejaa ndizi. Mzee akanyanyua sahani yake, zikamwagwa juu ya zile za kwanza, nyingine zikamwangukia vidoleni, za moto, na hakuondoa mkono.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Amejibu."